Togwa ya Siku ya Tatu

Daftari langu la mwaka wa Uhuru ninalo mpaka leo. Jalada limeliwa na mende pembeni, lakini ndani kunasomeka. Siku ile nimeandika maneno matatu tu: Togwa ilikuwa nzuri. Hakuna aliyenilazimisha. Daftari halikuwa la kusomwa na mtu, mke wangu wakati ule hakujua kusoma, na bado nikaandika uongo, nikalifunga, nikalala. Sasa nataka kuiandika siku ile upya. Nimesoma mpaka darasa la nne, na kumbukumbu ya mtu aliyekunywa sana ina matundu, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Nilikuwa fundi cherehani Mabatini, kwenye baraza la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Sitamsema vibaya Mhindi yule; alinivumilia kuliko ndugu zangu. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa nzuri. Ya baada ya saa saba ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyekalia kiti changu. Mwalimu mmoja alinipa kitambaa cha kaki, nikamshonea suruali yenye miguu yote miwili ya kushoto.

"Fundi," aliniambia, akiwa ameivaa mbele ya watu, "hii umemshonea nani? Mimi huwa natembea kwenda mbele."

Baraza zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimelewa.

Miaka miwili hivi kabla ya Uhuru mke wangu aliwachukua watoto wawili akaenda kwa wazazi wake Magu. Hakupiga kelele. Alifunga mizigo, akaweka ufunguo juu ya cherehani, akasema, "Ukiacha, kwa baba unakujua." Basi.

Msomaji asidhani sikujaribu. Katekista alinipeleka mbele ya altare nikaapa, nikakaa siku kumi na moja bila kunywa. Kosa halikuwa la katekista. Jirani yangu Mwislamu akaniambia, "Njoo kwetu, kwetu ni haramu tangu mwanzo, hutapata taabu." Jumamosi yake nikamkuta kilabuni, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Naye ametangulia, Mungu amrehemu, na sijamtaja kwa kumcheka. Nimemtaja kwa sababu siku ile nilijiambia: basi, hakuna mahali. Mtu akishajiambia hakuna mahali, anapumzika. Nilipumzika karibu mwaka mzima.

Aliyenionyesha mahali alikuwa mzee wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, mpiga kasia kwenye mtumbwi mkubwa wa kuvushia watu na mizigo. Aliniletea shati la kushona mkono uliochanika. Aliporudi kulichukua nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatia mkono kwenye shati, akasukuma, akasukuma tena. Nilikuwa nimeuziba mwisho wa mkono, pale kiganja kinapotokea. "Baba, umenishonea soksi."

Nikaomba radhi, nikaanza kufumua. Akaniinamia kama anayeangalia sindano.

"Ya mtama au ya mahindi?"

"Nini, mzee?"

"Hiyo uliyokunywa. Mimi naisikia ya mtama, lakini pua yangu imezeeka."

Nikazidi kufumua. Ilikuwa ya mtama.

"Mimi sijainywa misimu mitatu ya pamba," akasema.

"Uliachaje?"

"Nani kakwambia nimeacha? Naiacha kila Jumapili saa kumi. Na wewe njoo. Kirumba, nyuma ya pale wanapoanika dagaa. Usiulize watu, watakucheka. Utaona kata imening'inia mlangoni."

Hapa lazima nieleze. Mtaani kwetu siku zile, nyumba yenye pombe iliyoiva ilining'iniza kata mlangoni, kata ile ya kibuyu ya kuchotea, na mpita njia akajua. Kwa hiyo Jumapili nilipofika Kirumba nikaiona kata, nilielewa kwamba mzee amenitania. Amenielekeza kilabuni. Na nitasema kweli: nilifurahi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kupona, nikaona pombe, miguu ikawa myepesi. Niliingia nikipiga hodi kwa sauti ya mtu aliyealikwa harusini.

Ndani kulikuwa na watu saba wamekaa kwenye mkeka na vigoda, na mtungi katikati. Mzee wa Kamanga akasogea kunipa nafasi. Kata ikanifikia, nikaikumbatia kwa mikono miwili, nikavuta funda kubwa. Ilikuwa togwa. Tamu, ya uji wa mtama na kimea, ile wanayokunywa watoto na wanawake wanaonyonyesha. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini wote saba waliangua kicheko.

"Kila anayekuja," akasema mwenye nyumba, huku akifuta machozi, "kila anayekuja uso wake ni huohuo. Karibu, mwanangu. Hiki ndicho kilabu chetu."

Alikuwa mama wa Kimanyema, mjane, mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Alikuwa ameuza pombe miaka mingi katika nyumba ileile. "Nilikuwa naonja kila mtungi," aliniambia baadaye, "mpaka mimi mwenyewe nikawa mtungi." Siku aliyoacha hakuishusha kata. Alisema wateja wake wa zamani wataendelea kuifuata, na wakiingia watakuta togwa. Mmoja kati ya kumi atakaa.

Hatukuwa na jina wala mwenyekiti. Tulikuwa na taratibu mbili, na zote mbili zilitoka kwenye pombe. Ya kwanza, kata inazunguka, na aliyeishika ndiye anayesema. Akimaliza anakunywa, anapitisha. Asiyetaka kusema anakunywa tu, na hakuna wa kumuuliza. Ya pili, aliyeleta togwa huonja kwanza mbele ya watu. Hii kila mtu wa kwetu anaijua: mwenye pombe lazima aonje, wageni wamwone akimeza, mashaka yaondoke. Siku moja askari alichungulia akauliza kama ni mkutano wa chama. Mama akaonja, akamnyooshea kata. "Chama gani, baba? Karibu togwa." Askari akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Nilikaa. Sikusema neno kwa Jumapili nyingi. Nilipoanza kusema nilisema habari za suruali ya mwalimu, na watu walicheka, na mara ya kwanza nikacheka bila kulewa. Baada ya miezi minane nilikwenda Magu. Baba mkwe alinikalisha uani siku nzima bila kuniuliza kitu, na alikuwa na haki. Jioni mke wangu akatoka na mizigo.

Yeye ndiye aliyekuja kuwa mpikaji wetu wa togwa, maana mama wa Kirumba miguu ilianza kumvimba. Mke wangu alikuwa na mkono mzuri. Aliotesha kimea mwenyewe, akakianika, akakisaga. Mzee wa Kamanga alisema kwa togwa ile mtu anaweza kuoa mara ya pili, mkewe wa kwanza asikasirike.

Ndipo ikaja juma la Uhuru.

Mji ulikuwa umejaa ngoma. Watu wametoka vijijini na vibuyu vyao, kila ua kuna mtungi, na hapakuwa na ubaya. Watu walikuwa na furaha yao. Sisi tuliogopa. Tukapatana tukutane siku ileile ya sherehe alasiri, tukae pamoja mpaka ngoma zitulie. Mke wangu akapika togwa siku moja kabla. Lakini siku ya sherehe njia hazikupitika kwa watu, mwenzetu mmoja, karani wa pamba, alikuwa kwenye gwaride, mzee alikuwa akivusha watu tangu alfajiri. Kikao kikasogezwa kesho yake.

Asubuhi ya siku hiyo mke wangu alikuwa akienda kumwuguza dada yake. Akasimama mlangoni, na maneno yake nayakumbuka kama alivyoyasema:

"Hiyo togwa ni ya siku ya tatu na joto hili. Ionje. Ikiwa imekolea imwage, mchukue chai. Usije ukawapelekea watu pombe."

"Sawa," nikasema.

Sikuionja nyumbani. Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu la kunipendelea ni kwamba nilichelewa. Jibu jingine ni kwamba nilipoinua mtungi nilisikia harufu, na sikutaka kujua zaidi ya pale. Nadhani la pili ndilo, ingawa sina hakika, na kutokuwa na hakika kwangu sikuamini pia.

Tulikaa watano. Mama, mzee wa Kamanga, karani, mwanamke mmoja wa sokoni, na mimi. Nikachota, nikasimama kama desturi. Povu lilikuwa jembamba ukingoni. Kabla sijameza ulimi ulishaniambia. Haikuwa pombe ya kulewesha mtu mzima, lakini ilikuwa imevuka. Ilikuwa na ule ukali mdogo unaopanda puani. Mwaka mmoja na miezi minne sikuwa nimeusikia. Nikameza. Kisha nikapiga funda la pili. Kuonja ni funda moja. Mimi nilipiga mawili, nikampa mzee kata, nikakaa.

Mzee hakusema neno siku ile, yeye aliyekuwa na maneno kuliko sote. Alikunywa, akanywa tena kabla ya kupitisha. Mama hakuwa anakunywa kwa ajili ya miguu yake. Mwanamke wa sokoni aligusa kwa mdomo tu, kisha akasema kichwa kinamuuma. Karani alipoonja alitema palepale chini.

"Hii imechacha!"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Imechacha? Labda kidogo." Halafu, na hili ndilo baya kuliko funda la pili, nikasema, "Mke wangu atakuwa amezidisha kimea."

Mtungi ukamwagwa nje. Mzee wa Kamanga akasimama, akasema ana abiria. Hakuwa na abiria. Ngoma zilikuwa bado zinalia upande wa juu, akazifuata.

Nilirudi nyumbani nikaandika maneno matatu yale.

Kesho yake watu walingoja mtumbwi pwani ya Kamanga mpaka jua likawa kali, mpiga kasia hakuonekana. Siku ya pili hivyohivyo. Mwenye mtumbwi akampa kasia mtu mwingine, na sikumlaumu, watu lazima wavuke. Jumapili mzee hakuja. Jumapili iliyofuata hakuja. Mama alikuwa akiangalia mlango kila kivuli kinapopita.

Na nyumbani, mke wangu. Maneno yangu yalikuwa yamemfikia kwa yule wa sokoni. Siku moja nikamkuta uani amekaa kwenye kigoda, anawamwagia kuku kimea, chote, cha mwezi mzima.

"Unafanya nini?"

"Kimekosewa hiki. Sijui nimekosea wapi. Mtu mzima wa watu amepotea kwa mkono wangu."

Nilisimama nikiangalia kuku wanavyodonoa. Ningeweza kusema palepale. Nilikwenda kwenye cherehani.

Ilinichukua wiki tano. Nikapanda mtumbwi kwenda Kamanga siku ya kazi, Mhindi akanipa ruhusa bila kuuliza. Nilimkuta mzee nyuma ya nyumba yake, anasokota kamba ya katani. Asubuhi ile hakuwa amelewa, lakini mikono ilikuwa inamtetemeka na kamba ilikuwa inalegea kila mara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunishonea mikono?"

"Mzee, ile togwa. Nilijua."

Akaendelea kusokota.

"Ulijua lini?"

"Nilipoonja."

"Kabla ya kumeza au baada?"

Nilifikiri. Nilitaka sana kusema baada.

"Kabla."

"Haya." Akaweka kamba chini. "Mimi pua iliniambia ulipokuwa bado unachota. Nikasema, ngoja nimwangalie fundi. Nikakutazama. Nikaona uso wa mtu anayekunywa maziwa. Nikasema, basi, pua yangu imezeeka. Ungekunja hata jicho moja, baba. Watu kuonja mbele za watu, unadhani ni kwa sababu gani? Wanataka kuuona uso."

"Nisamehe, mzee."

"Nikusamehe nini? Mkono ulioshika kata ni wangu. Na ile ya baadaye, kule kwenye ngoma, niliifuata kwa miguu yangu miwili. Usije ukajipa kazi yangu yote." Akaichukua kamba tena. "Lakini uso ulikuwa wako. Huo siwezi kuubeba mimi. Nenda ukawaambie wale. Na mkeo kwanza."

Jioni ileile nilimwambia mke wangu. Nilitegemea afunge mizigo. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Kimea changu kilikuwa kizuri."

"Kilikuwa kizuri."

"Sema tena."

"Kilikuwa kizuri. Ulinionya. Nilijua."

Hakusema nami siku nne. Siku ya tano nikaona ameloweka mtama kwenye beseni, aoteshe upya.

Kirumba nilisema nikiwa nimeshika kata yenye maji matupu, maana togwa ilikuwa imekoma tangu siku ile. Karani akawa wa kwanza.

"Aliyesahau tungemsamehe. Huyu hakusahau. Tena ametumia mkewe kama kitambaa cha kujifutia. Mimi nasema atoke."

Watu walimwona karani mkali. Mimi sikumwona hivyo, wala leo simwoni. Ndiye peke yake aliyetema.

Mama akaniuliza, "Ulionja mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ya kwanza ilikuwa ya watu," akasema. "Ya pili ilikuwa yako." Akapangusa goti lake lililovimba. "Kutoka hatoki. Mlango huu sijamfungia mtu tangu nauza pombe. Lakini ndani hakai. Akae pale kizingitini mpaka mwenye haki yake aje aseme. Mzee akisema toka, utatoka."

"Na asipokuja?"

"Basi utakuwa na kizingiti kizuri."

Nilikaa kizingitini. Nilisikia yote yaliyosemwa ndani, lakini kata haikunifikia. Wapita njia waliiona kata juu na mtu amekaa chini yake, wakaniuliza kama pombe ipo, nikawajibu haipo. Wengine wakanitania: "Mlinzi, wamekufukuza kwa kulewa?" Nilikuwa nasema ndiyo. Mvua za masika zilipoanza, maji yalinitiririkia mgongoni kutoka kwenye paa. Mama aliniona, hakuniita ndani. Nadhani alitaka.

Niliogopa kwamba mzee hatakuja, na niliogopa kwamba atakuja. Nikiwa mkweli kabisa, kuna Jumapili mbili niliomba asije, maana kizingitini nilikuwa nimekwisha kupazoea.

Alikuja Jumapili moja mvua imekatika, matope yamemfika magotini. Alikuwa amekonda. Nikasimama kumpisha, nikamwamkia, akaitika, akapita. Ndani wakampokea kwa vigelegele, mama akilia waziwazi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Uhuru, mke wangu alikuwa ametuma togwa; ya jana yake, niliibeba mwenyewe nikaikabidhi mlangoni.

Sauti zikatulia. Kisha nikamsikia mzee.

"Nani kaileta hii?"

"Fundi," akasema mama.

"Sasa mbona haonji? Mwiteni."

Nikaingia. Karani aliinamisha macho. Nikachota. Mzee akavuta kigoda chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akanikazia macho kama anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Onja," akasema.

Nikanywa funda moja. Ilikuwa tamu. Najua ilikuwa tamu. Lakini sikujua uso wangu unafanya nini, kama unasema kweli au unasema kitu kingine bila ruhusa yangu. Akanitazama mpaka nikameza, na baada ya kumeza akaendelea kunitazama.

Kisha akanyoosha mkono, akaipokea kata. Akainusa kwanza, ndipo akanywa.